Kitabu cha picha kwenye somo la Kifaransa: maandishi yaje mwisho

Mtoto wa Darasa la Tatu aliyefundishwa kusoma kwa Kiswahili anajua kwamba herufi ina sauti yake na sauti hiyo haibadiliki. Ba ni ba, iwe mwanzoni mwa neno au mwishoni. Mwekee mbele neno la Kifaransa “petit” atasoma “petiti” bila kusita, ingawa t ya mwisho haitamkwi. “Garçon” itakuwa “garkoni”, na “fille” itakuwa “file”. Hapo hajafanya uzembe wowote, ametumia kanuni ileile aliyosifiwa nayo tangu Darasa la Kwanza. Shida ni kwamba matamshi ya kwanza aliyojisomea ndiyo yanayoganda, na kuyabandua baadaye ni kazi ya muhula mzima.

Kwa hiyo mwalimu wa Kifaransa anayefundisha watoto wanaozungumza Kiswahili anahitaji zana inayobeba maana bila kupitia kwenye herufi. Kitabu cha picha kinaifanya kazi hiyo vizuri kuliko kitabu cha kiada, mradi maandishi yake yafichwe hadi watoto wawe wameshayasikia na kuyatamka maneno yote. Yote yaliyo hapa chini yanatokana na sharti hilo moja.

Kwa Tanzania jambo hili limekuja wakati wake. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeweka Kifaransa miongoni mwa lugha za kuchagua katika elimu ya msingi, pamoja na Kiarabu na Kichina. Walimu wengi waliozoea kufundisha sekondari sasa wanajikuta mbele ya watoto wa miaka minane, na ule mtindo wa kuandika “je suis, tu es, il est” ubaoni na watoto wakanakili hauwafikishi popote.

Nianze na ukubwa. Kitabu cha kawaida cha watoto kutoka Ufaransa kinatosha mzazi na mtoto wake kitandani. Kwenye darasa la watoto 50, kuanzia dawati la tatu hakuna anayeona kitu, na asiyeona picha hana pa kushika maana, basi anaanza kumchokoza jirani. Projekta ikiwepo na umeme ukiwepo, piga picha kurasa kwa simu, futa maandishi, onyesha. Visipokuwepo, tengeneza kitabu chako kwa manila.

Mtindo unaofaa zaidi ni wa Wajapani, unaitwa kamishibai, na shule za chekechea za Ufaransa zinautumia sana. Ni kadi kubwa zisizoshonwa: picha upande mmoja, maandishi upande wa pili. Mwalimu anazishika zote pamoja kifuani, picha zikiwaangalia watoto, na kila anapomaliza kadi ya mbele anaipeleka nyuma. Ujanja uko kwenye kuandika: maneno ya picha ya pili yanaandikwa nyuma ya kadi ya kwanza, ya picha ya tatu nyuma ya kadi ya pili, na kuendelea hivyo. Maneno ya kadi ya kwanza yanakwenda nyuma ya kadi ya mwisho. Ukiandika maneno ya picha nyuma ya picha hiyohiyo, utasoma habari ya mbuzi huku watoto wanaangalia kikapu. Weka namba ndogo ya penseli kwenye pembe ya kila kadi. Kadi nane zikianguka sakafuni katikati ya hadithi utaelewa kwa nini.

Karatasi nne za manila zikikatwa katikati zinatoa kadi nane, zinazotosha hadithi nzima. Chora kwa maka peni ya ncha nene, kitu kimoja au viwili kwa kadi, visipungue ukubwa wa viganja viwili. Penseli za rangi hazionekani kutoka nyuma ya darasa. Kata karatasi za rangi ubandike kwa gundi, au tumia rangi za maji. Chagua manila ya njano, si nyeupe, maana hadithi yetu ina mbuzi mweupe na mpira mweupe, na mbuzi mweupe juu ya manila nyeupe ni mistari tu.

Hadithi yenyewe hii hapa. Imetungwa kwa watoto ambao tayari wanajua salamu, rangi tano sita, na maneno kama “voici”, “petit”, “avec”, “dame”, “monsieur”, “fille” na “garçon”:

Le petit bus bleu (jalada)
Voici le petit bus bleu.
Une dame monte avec un panier vert.
Un monsieur monte avec une chèvre blanche.
Une fille monte avec une valise verte.
Un garçon monte avec un ballon blanc.
Un éléphant gris arrive.
Non, non ! C'est complet !

Kila abiria anapofika, kuna kiitikio: “Il y a de la place ? — Oui, oui, montez !” Maana yake: “Kuna nafasi? — Ndiyo, ndiyo, pandeni!” Tembo naye anauliza swali lilelile, kisha anakutana na kadi ya mwisho: “Hapana, hapana! Limejaa!” Mtoto yeyote aliyewahi kupanda daladala anaielewa hadithi hii kabla hujamaliza, na huo ndio mpango. Mazingira wawe wanayajua, lugha ndiyo iwe ngeni. Ukiwaletea hadithi ya theluji na moto wa sebuleni kwa lugha wasiyoijua, umewapa mambo mawili mageni kwa mpigo, na utaishia kueleza theluji kwa Kiswahili mpaka kengele ilie.

Hesabu maneno mapya: bus, panier, chèvre, valise, ballon, éléphant, monte, arrive, complet. Ni tisa, ukiacha kiitikio, ambacho kinafundishwa kizimakizima kama wimbo bila kuchambua “il y a” ni nini. Maneno mapya yakizidi kumi kwa kitabu kimoja watoto wanaanza kubahatisha. Na kitabu kimoja kinastahili vipindi vitano vya dakika 40. Mwalimu anayeleta kitabu kipya kila kipindi anawafurahisha watoto, ila hakuna neno linalobaki.

Kipindi cha kwanza, kitabu kisitoke kabatini kwa dakika kumi na tano za mwanzo. Rudia rangi kwa vitu vya darasani, halafu leta vitu halisi: kikapu, mpira, begi la safari. Vitaje, vizungushe, mtoto apokee na kumpa mwenzake akisema jina. Kisha simulia hadithi yote bila kukatisha, taratibu, kwa sauti tofauti za abiria na konda. Mara ya pili watoto waingie kwenye kiitikio. Mara ya tatu “monte” (anapanda) ifanyiwe kitendo: wote wanainua mguu kama wanaokanyaga ngazi ya basi. Mara tatu kwa siku ya kwanza zinatosha.

Kipindi cha pili ni cha maswali, na hapa ndipo kitabu kizuri huharibika. Mwalimu anashika kadi na kuuliza “Qu'est-ce que c'est ?” (“Hiki ni nini?”) kadi baada ya kadi, hadithi inageuka mtihani, na wanaojibu ni walewale watano wa mbele. Maswali yapandishwe ngazi. Kwanza ya ndiyo au hapana: “C'est un ballon ?” huku umeonyesha kikapu, maana watoto hupenda sana kumkatalia mwalimu. Kisha ya kuchagua: “C'est un panier ou une valise ?”, ambapo jibu liko ndani ya swali na mtoto mwoga anaweza kulichukua. Mwisho ndiyo “Qui monte ?” na “Qu'est-ce que c'est ?”. Jihadhari pia na kujibu kwa pamoja. Darasa la watoto 50 likiitikia kwa sauti moja linasikika limeelewa, kumbe ishirini wanafungua midomo tu. Gawa kwa safu, kisha wawili wawili, kisha mmoja mmoja.

Kipindi cha tatu, madawati yapangwe kuwa basi. Konda anasimama mlangoni, abiria wanauliza nafasi, konda anawaita. Usiweke mabasi manne kwa wakati mmoja, hutamsikia yeyote. Safu moja iigize, safu nyingine zisimulie: “Une dame monte…” Konda abadilishwe mara nyingi, kwa sababu kila mtoto anaitaka nafasi hiyo, na konda ndiye anayesema zaidi.

Hapo ndipo utasikia kosa ambalo si rahisi kulitarajia. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuzoei kumaliza neno kwa konsonanti, kwa hiyo mtoto anaongeza irabu: “aveki”, “busi”, “valizi”. Kwa maneno hayo ni lafudhi tu. Ila kwenye “monte” irabu hiyo inabadilisha neno. “Monte” ni silabi moja na inaishia kwenye sauti ya t. Akiongeza “e” inakuwa “montez” ya konda, na sasa mtoto anasema “une dame montez”. Dawa ni makofi. “Monte”, kofi moja. “Montez”, makofi mawili. “Valise” makofi mawili, si matatu. “Verte” kofi moja, na ile t ya mwisho itamkwe kwa mnong'ono bila kuisindikiza na sauti nyingine. Dakika tatu za makofi kila kipindi zinatosha.

Sauti nyingine zinazosumbua kwenye hadithi hii na kwenye salamu ni chache. Ile “u” ya “bus”: mtoto aseme “iii” na, bila kusogeza ulimi, akunje midomo kama anayepiga mluzi. Ile “eu” ya “bleu”: vilevile, ila aanze na “e”. Irabu za puani kwenye “blanc”, “ballon” na “garçon” zina kosa moja, kuzifunga kwa “n” au “ng'”. Mwambie aseme “ballon” na abaki mdomo wazi. Kama ncha ya ulimi imepanda kugusa nyuma ya meno, ametamka n; arudie, ulimi ubaki umelala. “J” ya “bonjour” na “ch” ya “chèvre” zitachanganywa sana na watoto: ya pili ni “sh” yetu, ya kwanza ni hiyohiyo “sh” ikiwa na mtetemo kooni. Kuhusu “r”, msipoteze muda. Sehemu nyingi za Afrika zinazozungumza Kifaransa hutamka r ya ncha ya ulimi kama yetu, na watu wanaelewana bila tabu. Mwalimu anayewakohoza watoto darasa zima ili wapate r ya Paris anawachosha koo.

Kipindi cha nne ndipo maandishi yanapotokea kwa mara ya kwanza. Andika kila sentensi kwenye ukanda mrefu wa karatasi. Panga kadi ubaoni, soma ukanda kwa sauti, mtoto aje auweke chini ya picha yake. Kwa kuwa wameshaishika hadithi kichwani, hawasomi herufi kwa herufi, wanatambua. Baada ya hapo wape kazi ya kutafuta herufi bubu: soma neno, wao wasikilize, kisha waweke nukta chini ya herufi isiyosikika. T ya “petit”, t ya “vert”, c ya “blanc”, s ya “gris”, t ya “complet”. Watajitungia kanuni haraka kwamba herufi ya mwisho hailii, na hapo uwaonyeshe “bus” na “avec”, ambazo mwisho wake unalia. Usiwanyime mshangao huo kwa kutangaza kanuni mapema. “Monsieur” liache, lisomwe kama picha. Ukianza kulichambua hutamaliza.

Sasa rangi, na hapa mtoto wa Kiswahili ana bahati ambayo mwenzake aliyeanzia Kiingereza hana. Kwanza, mpangilio ni uleule: “mbuzi mweupe”, “chèvre blanche”, jina kisha rangi. Pili, tayari anajua kwamba sifa hubadilika kulingana na jina. Anasema kikapu cheupe, gari jeupe, mbuzi mweupe, na hajawahi kushangaa. Kwa hiyo “ballon blanc” na “chèvre blanche” zisimtishe. Ni upatanisho wa ngeli, ila huku ngeli ni mbili tu. Ndiyo maana hadithi ina “vert” mara mbili na “blanc” mara mbili: un panier vert, une valise verte, un ballon blanc, une chèvre blanche. Rangi hizo hubadilika hata kwa sikio. “Bleu” na “noir” zina tofauti ya maandishi tu, kwa hiyo hazifai kuanzia. “Rouge” na “jaune” hazibadiliki kabisa.

Ushauri wangu ni kutowaambia watoto habari za “kiume” na “kike” katika hatua hii. Ukisema hivyo utaulizwa kwa nini begi ni mwanamke, na hakuna jibu. Sema kundi la “un” na kundi la “une”, kama unavyosema KI-VI na LI-YA. Pigia mstari wa buluu maneno ya kundi la kwanza na mstari mwekundu ya kundi la pili, kwenye kadi, kwenye daftari na ukutani, na usibadilishe rangi hizo mwaka mzima. “Il” na “elle” pia zisubiri kitabu cha pili. Kwa kuwa “yeye” ya Kiswahili haichagui mwanamume wala mwanamke, watoto watasema “il” kwa wote, na kulirekebisha hilo kunahitaji kitabu chenye wahusika wawili wanaopokezana kwa muda mrefu.

Kipindi cha tano, kila mtoto anatengeneza ukurasa wake kwa fremu hii: “Un/Une … monte avec un/une … …” Nusu ya A4 inatosha. Picha kwanza, sentensi baadaye, na asiandike kabla hajakusomea kwa mdomo. Watoto sita, kurasa sita, stepla mbili pembeni, kitabu cha kikundi kimekamilika. Makosa ya “une ballon” utayaona mengi. Mrudishe mtoto kwenye mistari ya rangi ukutani ajisahihishe mwenyewe.

Jambo linaloua mpango wote huu ni kutafsiri kila sentensi. Mwalimu anasoma “Une dame monte avec un panier vert”, kisha papo hapo anasema “mama mmoja anapanda na kikapu cha kijani”. Baada ya kadi mbili watoto wameshagundua kwamba Kiswahili kinakuja, kwa nini wahangaike na Kifaransa? Kiswahili kitumike mwanzoni, sentensi mbili za kuwaweka mkao, na mwisho kabisa kwa kuhakiki: “Nani anieleze kwa nini tembo hakupanda?” Katikati, picha na mikono vifanye kazi. Kama kuna sentensi ambayo picha haiwezi kuibeba, ibadilishe sentensi.

Kuhusu vitabu vya dukani au vya maktaba ya Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, ambayo ipo Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, fungua katikati kabla hujapenda jalada. Vitabu vingi vya watoto vya Kifaransa vimeandikwa kwa wakati uliopita wa kimaandishi: “il mangea”, “elle courut”, “ils arrivèrent”. Mtoto wa Ufaransa anausikia kila anaposomewa. Mwanafunzi wako hatautumia kuzungumza na mtu yeyote. Ukiona vitenzi vya aina hiyo, vinavyoishia kwa -a, -ut au -èrent, rudisha rafuni, au simulia kwa maneno yako ukitumia wakati uliopo. Tafuta sentensi moja kwa ukurasa, maneno yasiyozidi kumi na mawili, na kiitikio kinachojirudia walau mara nne. Vile vya kurasa ngumu vya watoto wachanga vina lugha rahisi, lakini mwanafunzi wa Darasa la Tano atajiona amedharauliwa. Njia ya kumshawishi ni kumpa kazi: atengeneze kitabu cha kuwasomea wa Darasa la Tatu. Hapo lugha rahisi haimwaibishi.

Kwa watoto wa Goma, Bukavu au Lubumbashi mambo ni tofauti kidogo. Huko Kifaransa ni lugha ya shule na kinasikika redioni na mtaani, kwa hiyo sikio limeshatangulia. Hatua ya maandishi inaweza kuja kipindi cha pili.

Vya bure vipo pia. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver ya Pratham Books zina vitabu vya picha vyenye leseni huria, unavipakua, unavichapa na hata kuvibadilisha maneno, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Storybooks Canada imechukua hadithi 40 za African Storybook na kuziweka katika lugha nyingi, mbili hizo zikiwemo, pamoja na sauti. Kwa mwalimu asiyejiamini na matamshi yake, sauti hizo ni msaada mkubwa. Anza na zile za ngazi ya kwanza. Zichunguze kabla ya kuzitumia, kwani tafsiri nyingine zimefanywa na watu wa kujitolea na ubora hautoshani. Na ukizichapa, kunja au ziba sehemu ya maandishi hadi kipindi cha nne.